Dar hadi Nairobi kwa Ndege: Namna ya Kukokotoa Umbali na Muda Halisi wa Safari

Tiketi inasema saa moja na robo. Mwenyeji wako Nairobi anauliza utafika saa ngapi. Unajumlisha saa moja na robo kwenye muda wa kuruka, unamjibu. Kikao kinaanza, na wewe bado umesimama kwenye mstari wa uhamiaji.

Muda ulioandikwa kwenye tiketi ni wa ndege. Muda wako unaanza unapofunga mlango wa nyumbani na kuisha unapogonga mlango wa unakokwenda. Kati ya Dar es Salaam na Nairobi, ndege huchukua takribani moja ya tano ya muda huo wote. Sehemu nne zilizobaki zinaliwa na foleni, kaunta, ukaguzi, uhamiaji na mizigo. Anayetaka kuwahi, azipigie hesabu hizo nne kabla ya kuhangaika na hiyo moja.

Mwongozo huu unakupa hesabu zote mbili, ya ndege na ya kwako. Unahitaji kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu. Ukishaizoea njia ya Nairobi, utatumia hesabu zilezile kwa Mwanza, Entebbe, Kigali au Mombasa.

KISANDUKU CHA 1: SAFARI KWA UFUPI

- Unapoondokea: Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Kipawa. Alama yake kwenye tiketi ni DAR. Kutoka katikati ya jiji ni kilomita 12 hivi.
- Unapofikia: Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Embakasi. Alama yake ni NBO. Hadi katikati ya Nairobi ni kilomita 15 hadi 18, kutegemea njia.
- Umbali wa angani: takribani kilomita 666, yaani maili za baharini 360.
- Umbali wa barabara kupitia Chalinze, Segera, Moshi, Arusha na Namanga: kilomita 900 hivi.
- Muda wa ndege kwenye ratiba: saa 1 na dakika 15 hadi 30 kwa jeti, karibu saa 1 na dakika 50 kwa pangaboi ya aina ya ATR 72.
- Saa za nchi: sawa. Hurudishi wala husogezi saa yako.
- Muda wako halisi: saa 6 hadi 7.

Kwa nini namba hazilingani

Ukiuliza umbali wa Dar hadi Nairobi utapewa majibu matatu, na yote yanaweza kuwa sahihi.

La kwanza ni mstari wa anga, yaani njia fupi kuliko zote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja viwili. Hili ndilo utakalolikokotoa hapa chini. La pili ni njia ambayo ndege inapita kweli. Rubani hufuata njia za anga zilizopangwa, huruka kwa kuelekea upepo unakotoka hata kama ni kinyume na anakokwenda, na anapokaribia kutua huzunguka ili aingie kwenye mstari wa barabara ya kurukia. Kwa hiyo njia yake huwa ndefu kidogo kuliko mstari wa anga. La tatu ni barabara, ambayo haina budi kuifuata nchi ilivyo: inazunguka Usambara na Upare, inapita chini ya Kilimanjaro, kisha inasubiri mpakani Namanga.

Muda nao ni wa aina tatu. Kuna muda wa angani, tangu magurudumu yanapoacha ardhi hadi yanapoigusa tena. Kuna muda wa ratiba, unaoanza ndege inapoondoka kwenye maegesho na kuisha inapoegeshwa upande wa pili. Ndio ulioandikwa kwenye tiketi. Na kuna muda wako, ambao haujaandikwa popote. Huo utauandika mwenyewe.

Hatua kwa hatua: kokotoa umbali

Kila uwanja una latitudo na longitudo, na ramani ya simu hukuonyesha ukibonyeza mahali husika kwa sekunde chache. Sisi tulio karibu na ikweta tuna bahati: hapa nyuzi moja ya latitudo na nyuzi moja ya longitudo zina urefu unaokaribiana sana, kilomita 111 hivi kila moja. Kwa hiyo hesabu ya pembetatu mraba ya shule inatosha.

1. Andika mahali pa viwanja vyote viwili. DAR: nyuzi 6.88 kusini, 39.20 mashariki. NBO: nyuzi 1.32 kusini, 36.93 mashariki.
2. Tafuta tofauti ya latitudo: 6.88 − 1.32 = 5.56. Ikiwa uwanja mmoja uko kusini ya ikweta na mwingine kaskazini, jumlisha badala ya kutoa.
3. Tafuta tofauti ya longitudo: 39.20 − 36.93 = 2.27.
4. Zidisha kila tofauti kwa yenyewe: 5.56 × 5.56 = 30.91, na 2.27 × 2.27 = 5.15.
5. Jumlisha: 30.91 + 5.15 = 36.06.
6. Tafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo: unapata nyuzi 6 kamili, ukiacha desimali ndogo.
7. Zidisha kwa 111 upate kilomita: 6 × 111 = 666. Ukitaka maili za baharini wanazotumia marubani, zidisha kwa 60: 6 × 60 = 360.

Jaribu na njia nyingine uone kama umeelewa. Majibu ya kukaribia ni haya: Dar hadi Mwanza kilomita 850, Dar hadi Kilimanjaro 450, Dar hadi Entebbe 1,075, Dar hadi Kigali 1,140, Nairobi hadi Mombasa 420, Dar hadi Zanzibar 73.

Tahadhari. Usiitumie hesabu hii kwa safari za mbali na ikweta. Kadiri unavyokwenda kaskazini au kusini, nyuzi za longitudo hubanana. London, kwa mfano, nyuzi moja ya longitudo ni kilomita 69 tu. Kwa safari ya Ulaya, Marekani au hata Ghuba, tumia programu ya kupimia umbali inayohesabu mviringo wa dunia.

Hatua kwa hatua: kokotoa muda wa ndege

Ndege haitembei kwa mwendo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Inajikokota chini kuelekea barabara ya kurukia, inapanda, inashuka, inasubiri zamu ya kutua, kisha inajikokota tena hadi maegeshoni. Shughuli hizo huchukua muda uleule, safari iwe fupi au ndefu. Ndiyo maana tunagawa umbali kwa mwendo, kisha tunaongeza nusu saa.

1. Tazama aina ya ndege kwenye tiketi au kwenye ukurasa wa kununulia tiketi.
2. Chagua mwendo wake: jeti (Embraer 190, Boeing 737, Airbus A220) weka kilomita 800 kwa saa, Dash 8-400 weka 650, ATR 72 weka 500.
3. Gawa umbali kwa mwendo, kisha zidisha kwa 60 upate dakika.
4. Ongeza dakika 30.

Kwa njia ya Nairobi:

- Jeti: 666 ÷ 800 × 60 = dakika 50; ongeza 30 = saa 1 na dakika 20.
- Dash 8-400: 666 ÷ 650 × 60 = dakika 61; ongeza 30 = saa 1 na dakika 31.
- ATR 72: 666 ÷ 500 × 60 = dakika 80; ongeza 30 = saa 1 na dakika 50.

Tofauti ya jeti na pangaboi ndogo ni nusu saa. Kabla ya kulipa zaidi kwa ajili ya nusu saa hiyo, soma sehemu inayofuata; huenda ukaipata bure mahali pengine.

Safari ya Dar–Zanzibar usiipime kwa kanuni hii. Kilomita 73 hazitoshi hata ndege kufikia mwendo wake kamili, kwa hiyo jibu litakudanganya.

KISANDUKU CHA 2: UMBALI ULEULE, MUDA TOFAUTI

Ndege inayokwenda Nairobi kwa kutua kwanza Kilimanjaro haipotezi njia. Dar hadi Kilimanjaro ni kilomita 450, Kilimanjaro hadi Nairobi ni 235, jumla 685. Umeongeza kilomita 19 tu. Lakini umetua mara mbili, umeruka mara mbili, na katikati umesubiri abiria washuke na wengine wapande. Saa moja na zaidi imekwenda.

Kinyume chake ni tiketi ya bei nafuu inayokupitisha Addis Ababa. Dar hadi Addis ni takribani kilomita 1,750, na Addis hadi Nairobi takribani 1,160. Jumla ni zaidi ya kilomita 2,900, mara nne ya umbali wa moja kwa moja, bila kuhesabu saa za kusubiri. Kabla ya kufurahia bei, tazama mstari wa "vituo" kwenye tiketi.

Hatua kwa hatua: andika muda wako halisi

Chora jedwali la mistari mitano ulijaze kwa hali yako. Mfano huu ni wa mtu anayetoka Posta, Dar, na begi la kupakia, anayekwenda katikati ya Nairobi siku ya kazi.

1. Nyumbani hadi uwanjani: dakika 60. Barabara ya Nyerere alfajiri inapitika kwa nusu saa au pungufu. Jioni, watu wanapotoka kazini kuelekea Gongo la Mboto na Pugu, kilomita hizohizo zinaweza kumeza saa nzima na zaidi. Anayetoka Tegeta, Kigamboni au Mbezi aongeze kwa kadiri anavyoijua njia yake.
2. Uwanjani kabla ya kuruka: dakika 150. Hapa kuna ukaguzi wa mlangoni, kaunta ya mizigo, uhamiaji, ukaguzi wa pili na kusubiri kuitwa. Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya safari ya kimataifa. "Kawia ufike" ni maneno ya barabarani. Kaunta ikifungwa imefungwa.
3. Muda wa ndege: dakika 80.
4. Kutoka uwanjani Nairobi: dakika 50. Kushuka, uhamiaji, kusubiri begi, forodha.
5. Uwanjani hadi unakokwenda: dakika 45. Barabara ya Mombasa ina foleni nzito asubuhi na jioni. Tangu 2022 kuna barabara ya juu ya kulipia, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ambayo ina njia ya kuingilia kutoka uwanjani. Kubaliana na dereva mapema nani analipa.

Jumla: 60 + 150 + 80 + 50 + 45 = dakika 385, yaani saa 6 na dakika 25. Ndege imechukua dakika 80 kati ya hizo.

Basi la Dar–Nairobi huchukua saa 14 hadi 16 ukijumlisha Namanga. Ndege bado inashinda, lakini haishindi kwa mara kumi na mbili kama tiketi inavyokufanya uamini. Inashinda kwa mara mbili na kidogo. Mwenye mzigo mwingi na haraka ndogo anayo sababu ya kulifikiria basi.

Wapi utaokoa dakika

- Safiri na begi la mkononi tu. Unakwepa kaunta ya Dar na mkanda wa mizigo wa Nairobi. Kwa safari ya siku mbili, hapa ndipo nusu saa uliyotaka kuinunua kwa jeti inapatikana bure. Vimiminika viwe kwenye chupa zisizozidi mililita 100.
- Jisajili kwa mtandao pale shirika linaporuhusu, kwa kawaida kuanzia saa 24 kabla ya kuruka.
- Chagua saa ya kuruka kwa kuangalia foleni za pande zote mbili. Ndege ya asubuhi mapema inakupitisha Dar wakati barabara ni nyeupe, lakini inaweza kukutoa Embakasi wakati Nairobi nzima inakwenda kazini. Ndege ya saa nne asubuhi mara nyingi inakwepa msongamano wa upande wa pili.
- Kaa viti vya mbele. Atakayefika kwanza kwenye dirisha la uhamiaji hasubiri watu mia walio mbele yake.

Usijaribu kuokoa dakika za mstari wa pili wa jedwali kwa kuchelewa kufika uwanjani. Dakika 20 za kupumzika nyumbani zinaweza kukugharimu tiketi nzima.

Soma tiketi yako kwa jicho la mkaguzi

Saa. Tiketi hutumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane. 07:00 ni saa moja asubuhi. 13:30 ni saa saba na nusu mchana. 19:15 ni saa moja na robo usiku. Ukimtumia dereva ujumbe, mwandikie kwa saa zetu na utaje asubuhi, mchana au usiku.

Tarehe. Kwenye tiketi, siku hubadilika saa sita usiku. Ndege ya 00:40 ya tarehe 15 huondoka usiku unaofuata jioni ya tarehe 14. Ukienda uwanjani jioni ya tarehe 15, imekwisha kuondoka tangu jana usiku.

Saa za nchi. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia saa zilezile. Rwanda na Burundi ziko nyuma kwa saa moja. Ndege inayotoka Dar saa nne asubuhi kwenda Kigali kwa saa 1 na dakika 55 itafika saa nne na dakika 55 kwa saa za Kigali, na tiketi itaonekana kana kwamba safari ni ya dakika 55. Muda wote wa kufika kwenye tiketi ni wa kule unakofika.

Uwanja na jengo. Nairobi ina viwanja viwili vya abiria: NBO kule Embakasi na Wilson, alama WIL, kwenye barabara ya Lang'ata. Arusha nayo usiichanganye: ARK ni uwanja mdogo ulio karibu na mji, JRO ni Kilimanjaro. Dar, safari za kimataifa huondokea Jengo la Tatu la Abiria, lililozinduliwa 2019. Safari za ndani nyingi hutumia Jengo la Pili. Mwambie dereva jengo kabla hajakata kona. Ukirudi kutoka Nairobi, tazama herufi ya jengo kwenye tiketi, na uongeze dakika za ukaguzi wa geti kuu.

Kuunganisha. Kama Nairobi ni kituo cha kupitia tu, tazama kama safari zote ziko kwenye tiketi moja. Zikiwa kwenye tiketi moja na ndege ya kwanza ikachelewa, shirika ndilo linalokutafutia nyingine. Ukinunua tiketi mbili tofauti, hasara ni yako. Weka angalau saa nne katikati.

KISANDUKU CHA 3: MAKOSA YANAYORUDIWA

- Kupanga kikao saa mbili tu baada ya ndege kutua.
- Kupima umbali kwa ramani ya barabara na kushangaa ndege "imewahi".
- Kuamini kwamba "moja kwa moja" maana yake haitui popote. Uliza: inatua wapi kabla ya Nairobi?
- Kusahau kadi ya homa ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya ugonjwa huo, kwa hiyo unaweza kudaiwa kadi unaporudi Tanzania. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa. Kuchanjwa jana hakukusaidii leo.
- Kubeba mahitaji kwenye mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku 2017, Tanzania 2019.
- Kuvaa kwa ajili ya Dar. Uwanja wa Nairobi uko mita 1,624 juu ya usawa wa bahari, na Juni hadi Agosti usiku wake ni wa sweta.

Orodha ya kukagua usiku wa kuamkia safari

☐ Pasipoti haijaisha muda. Raia wa Tanzania hahitaji kibali cha kielektroniki cha kuingia Kenya. Raia wa nchi nyingine akague sharti lake mapema.
☐ Kadi ya homa ya manjano imo kwenye begi la mkononi.
☐ Tarehe na saa zimesomwa mara mbili na kugeuzwa kuwa saa za Kiswahili.
☐ Alama za viwanja ni DAR na NBO, na jengo linajulikana.
☐ Uzito wa begi unalingana na tiketi.
☐ Dereva wa Dar ana saa ya kukuchukua. Wa Nairobi ana namba ya ndege, si muda wa kutua peke yake, ili aifuatilie ikichelewa.
☐ Jedwali la mistari mitano limejazwa, na mwenyeji ametumiwa jumla yake.

Jambo la mwisho, kwa atakayepata nafasi ya kuchagua kiti. Kwenye mstari wa anga kutoka Dar kwenda Nairobi, Kilimanjaro unabaki magharibi ya njia, kilomita 30 hivi. Chagua dirisha la kushoto unapokwenda na la kulia unaporudi, na uombe mawingu yasiwe mengi.